Video ya harusi ikitoka inakuwa na ukungu

Wakuu nipo Tanga, nimeedit harusi ya binamu yangu pale Raskazone, kwenye kompyuta picha safi mpaka hina ya mkononi unaiona, nikieksipoti tu bahari nyuma ya bibi harusi inajaa viboksi. Nakosea wapi?

— Bitireti (kiasi cha data ya video kwa kila sekunde) umeweka ngapi?

— Megabiti 2 kwa sekunde, nilitaka faili lisiwe zito

— Hapo ndo umejimaliza 😂 maji yanachezacheza, yanakula bitireti kuliko ukuta. Weka H.264 (njia ya kubana video), 1080p (ukubwa wa picha), bitireti megabiti 12 mpaka 16, fremu (idadi ya picha kwa sekunde) acha zile zile za kamera, kama ulirekodi 25 usipandishe 60

— Na WhatsApp tuma kama dokumenti, la sivyo inabanwa tena

— Asanteni, naeksipoti upya, umeme usikatike tu