Wazee wamepitwa na teknolojia au sisi ndo tunaliwa hela?

Jamani tulijadili hili bila matusi. Jumapili nyumbani Uyole, Mbeya, mdogo wangu kamwambia maza eti "nyie wazee teknolojia imewapita", kisa maza kagoma kuagiza viatu vya shule vya wajukuu Kariakoo kwa kupitia Instagram, anataka apande daladala mpaka sokoni Mwanjelwa mwenyewe, aikunje ile soli kwa mikono yake, apatane bei wee, ndo atoe hela.

Mi naona dogo kachemka. M-Pesa iliingia nchini 2008 na maza hakuchelewa, maana anauza viazi. Magunia yanapakiwa kwenye fuso jioni, yanaenda Dar huko zaidi ya kilomita 800, afu yeye amekaa na kitochi chake anasubiri meseji ya muamala. Mtu wa hivyo unamwambiaje anaogopa simu? Dogo akaja juu, sasa mbona viatu vya elfu 25 ndo vinakutoa jasho? Maza hata hakugeuka, akasema, "Yule tajiri wa viazi kwake napajua, na hapa ameshakula ugali. Huyo wa viatu kwao wapi?" Kimya.

Yaani shida sio simu, shida ni kulipa kwanza afu uone baadae. Mbona gesi anaagiza kwa kupiga tu, bodaboda analeta mpaka mlangoni, anakagua mtungi, analipa kwa lipa namba, hana neno.

Na sisi tunaojifanya wajanja tusemeje? Mwaka jana niliagiza raba namba 42, nikalipa na hela ya basi juu, nimeenda stendi kuchukua boksi nafungua nakuta 40, tena gundi imemwagikia pembeni. Kumpigia muuzaji, kaniblok. Maza hajui mpaka leo na naomba abaki hivyo hivyo. Ingekuwa Mwanjelwa ningerudi pale pale kwenye meza yake, tungegombana mpaka watu wajae, na angebadilisha tu, anataka asubuhi yake iende vizuri.

Dogo ana pointi kwenye bei lakini, siwezi kumnyima. Vitu kibao tunavyonunua huku vimetoka hukohuko Kariakoo, kwa hiyo Mwanjelwa unalipa nauli ya mzigo na faida ya mwenye meza. Na mtu wa kijijini Makete au Chunya ambaye kwenda mjini kunakula siku nzima, huyo akiagiza kwa simu namuelewa kabisa.

Ila mnaosema wazee wamepitwa naomba mnijibu, nani kati yenu ameletewa mzigo mbovu na duka la Instagram akarudishiwa hela? Nasema hela, sio "oda ijayo tutakupunguzia dear".