Naomba ushauri: wanaolima mashamba ya kuazima waandikwe kwenye tathmini ya mgodi?

KaraniWaKaya: Ndugu wanajukwaa, habari za majukumu. Nakusanya takwimu za kaya kwa ajili ya tathmini ya athari za kijamii za mgodi wa madini ya kinywe unaotarajiwa kufunguliwa kijijini kwetu, mkoani Lindi. Wako wanawake 11 wanaolima mihogo na mbaazi katika mashamba ya kuazima, na kiongozi wa timu anasema kwamba mwenye shamba akishaandikwa, inatosha. Usingizi umenipotea. Je, waandikwe?

BintiTausi: Waandikwe. Kiwango cha Utendaji Namba 5 cha IFC (shirika la Kundi la Benki ya Dunia linalofadhili miradi ya kampuni binafsi), cha mwaka 2012, kinachohusu utwaaji wa ardhi na uhamishaji wa watu, kinamtambua hata asiye na haki ya kisheria juu ya ardhi anayoitumia. Orodha iko wapi sasa?

NahodhaWaShela: Umenikumbusha kwetu Lamu. Baba alirithi kwa babu sehemu ya kuvulia ambayo hakuna karatasi iliyoionyesha. Bandari mpya ilipojengwa, wavuvi hatukuwa na hati ya bahari, lakini mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru tulipwe shilingi za Kenya bilioni 1.76.

MzeeKondo: Mwanangu, riziki ya mwanamke anayelea watoto haichezewi. Mwogope Mungu.

BintiTausi: Karani, hujanijibu. Orodha iko wapi?

KaraniWaKaya: Dada, nisikufiche. Niliikabidhi wiki mbili zilizopita bila majina hayo, na mama yangu mdogo ni mmoja wao. Hata hivyo, niliona kuwaandika kungefanya shamba moja lihesabiwe mara mbili, na mkataba wangu unaisha mwezi huu.

BintiTausi: Ardhi ni ya mwenye nayo, lakini mhogo ni wa aliyeupanda. Ndiyo maana dodoso hutenganisha umiliki na matumizi.

MpimaViwanja: Nina shaka na mada hii. Karani wa kweli asingeuliza jambo la msingi namna hii, tena angeanza na tarehe ya ukomo, yaani siku ambayo anayeingia au kupanda baada yake hahesabiwi kwenye fidia, ambayo hajaitaja hata mara moja. Naamini imetungwa.

MzeeKondo: Hata mimi nimeanza kusita.

KaraniWaKaya: Sijatunga. Tarehe ya ukomo ilitangazwa Jumanne asubuhi chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji, wakati wanawake wakiwa shambani. Mikorosho ya mwenye shamba imeandikwa namba kwa rangi nyekundu, na matuta ya mama mdogo yamo katikati ya mikorosho hiyo. Juzi aliniuliza mihogo yake itapakwa rangi lini.

BintiTausi: Basi andika orodha ya nyongeza leo, jina kwa jina na zao kwa zao, wenyewe waweke dole gumba mbele ya mwenyekiti wa kijiji, kabla mthamini hajafunga jedwali la fidia.

KaraniWaKaya: Kiongozi wangu ataikataa.

BintiTausi: Nakala moja ipeleke kwa afisa maendeleo ya jamii wa wilaya, na usiondoke hapo mpaka nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa.