Fundi kanifungia kwenye STI kontroboksi (kompyuta ya injini) yenye nenosiri, ya kiwandani kaiuza!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nina Subaru Impreza WRX STI, bodi ya GDB ya 2004, injini EJ207. Turbo ya kiwandani, injekta za kiwandani, kilichobadilishwa ni ekzosi tu. Nilimpelekea fundi nikiwa na ombi moja: anirekebishie mapu, yaani mpangilio wa mafuta na moto ulio ndani ya kontroboksi, iendane na ekzosi na petroli ya hapa Dar. Basi.

Akaniambia kontroboksi ya kiwandani, ya Denso, "haifunguki". Eti wenye STI wote mjini wameshahama, na yeye anayo ya kujitegemea, isiyo ya kiwanda cha gari, imetumika Japani, imetoka kwenye gari kama langu. "Chomeka tu, unaondoka." Milioni 3 na nusu. Nikatoa. Nichekeni, mimi mwenyewe nimeshajicheka.

Siku ya kwanza gari likavuta vizuri. Siku ya pili niko foleni ya Tazara, mshale wa joto huo unapanda. Nafungua boneti, feni zote mbili kimya. Kumbe feni za rejeta zinaamrishwa na kontroboksi, na hii yake hakuna aliyeiambia iwashe feni. AC nayo haigusi, sababu hiyo hiyo. Nampigia, ananijibu, "Bosi, magari ya mbio hayana AC." Magari ya mbio hayakai Tazara dakika 40 na jua la saa nane, bwana mkubwa! Dawa aliyoleta ni swichi ya kuwashia feni kwa mkono, kaning'iniza chini ya usukani kama ya bajaji. Kwenye STI!

Hayo ningeyameza. Kilichonitoa usingizini ni mdau mmoja aliyenifungia kwenye ekzosi sensa ya lamda, inayopima uwiano wa hewa na mafuta (1 ni sawasawa, chini ya hapo mafuta yamezidi), tukajaribu usiku. Turbo ikijaa, lamda inasoma 0.95. Wanaojua wameshashika vichwa. Injini ya petroli yenye turbo ikiwa imekanyagwa mpaka mwisho inatakiwa iwe huko 0.78 hadi 0.80, mafuta yawe mengi yapoze chumba cha moto. Kwa 0.95 unakaanga pistoni. Nikauliza, aliyefunga alipima kwa kifaa gani? Alipima kwa masikio. Masikio na rangi ya plagi!

Tukaunganisha laptopu turekebishe wenyewe. Nenosiri. Mapu imefungwa, huoni kitu, hugusi kitu. Fundi anasema aliyeifunga ni Mjapani mwenye gari la zamani. Kwa hiyo alichoniuzia ni mapu ya mtu, iliyoandikwa kwa injini nyingine, kwa petroli ya Japani ambayo ile ya bei ya juu hufikia karibu oktani 100 (oktani ikiwa kubwa, injini haigongi upesi). Ni kumeza dawa aliyoandikiwa mgonjwa wa wodi nyingine.

Na linaloniuma zaidi ni hili. Ile Denso niliyoambiwa haifunguki inafunguka. Unatumia kebo ya OpenPort 2.0 ya kuunganisha gari na laptopu, programu ya EcuFlash ya kusoma na kuandika mapu, na RomRaider ya kusomea data ambayo ni ya bure kabisa. Watu wanafanya hivyo miaka na miaka. Tena ile ya kiwandani ina kitu ambacho hili boksi kuukuu halina: inasikiliza injini ikigonga (mafuta yakilipuka vibaya ndani), na kama mafuta ni hafifu inachelewesha moto wa plagi yenyewe na kukumbuka. Kwa nchi ambayo leo unajaza kituo hiki kesho kile, huyo ndiye mlinzi wako. Mimi nimelipa milioni 3 na nusu kumfukuza mlinzi.

Hata AVCS, ule mfumo unaosogeza kamshafti za kuingizia hewa, hili boksi haliuendeshi. Ndiyo maana chini ya mizunguko 3,500 gari limekuwa zito kuliko nilivyolinunua.

Msije kunishukia na Link ya New Zealand au Haltech ya Australia. Sina ugomvi na boksi za kujitegemea. Mwenye turbo kubwa, injekta kubwa, au aliyepachika 2JZ, injini ya Toyota, kwenye gari ambalo halikuzaliwa nayo, anazihitaji, hana ujanja. Lakini hata huyo aanze kumtafuta mtu wa kuiseti, ndipo anunue boksi ambalo mtu huyo analijua, na nenosiri akabidhiwe siku anayolipa. Mimi nilianza na boksi.

Gari sasa limeegeshwa. Siliwashi, isije injini ikanoki halafu nikaambiwa "EJ ndivyo zilivyo". Juzi nimeenda kudai kontroboksi yangu ya kiwandani. Mara imepotea, mara ilikuwa mbovu. Kijana wake akanivuta pembeni: iliuzwa wiki ile ile.

Jina la gereji sitaji, ila fundi, najua humu unasoma, maana ndipo nilipokupata. Nenosiri au Denso yangu, mojawapo, kabla ya Ijumaa. Na mdau mwenye kontroboksi ya GDB ya 2004, gia ya mkono, yenye namba ya kibandiko inayosomeka, aipige picha aiweke hapa chini. Safari hii nasoma namba kwanza, pesa baadaye.