Naomba ushauri: mdogo wangu ana mguu wa bandia, anataka kushindana triathloni

Wakuu, habari za saa hizi. Mdogo wangu alikatwa mguu chini ya goti baada ya ajali ya bodaboda. Kuogelea anajua vizuri, amekulia Kigamboni, na baiskeli anapiga bila shida. Sasa ameng'ang'ania triathloni, yaani kuogelea, baiskeli na kukimbia mfululizo, na si ya kupigiwa makofi ya huruma. Anataka saa ihesabiwe.

Mchezo wenyewe kwa walemavu upo Paralimpiki tangu Rio 2016: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5. Kuna madaraja, wasioona na kiongozi wao, wa kiti cha magurudumu wanaotumia baiskeli ya mikono, na wanaoshindana wakiwa wamesimama kama huyu dogo.

Waandaaji wa mbio moja huku wamemwambia ashiriki "kwa kujifurahisha tu", bila daraja wala matokeo. Imemuuma, na mimi naona si haki. Mtu analipa kiingilio kama wengine halafu jina lake halitoki?

Kinachonisumbua zaidi ni pale anapotoka majini. Kisiki kimelowa, mchanga umeganda, soksi ya silikoni inayovaliwa kabla ya mguu wa bandia haipandi. Akilazimisha, anachubuka kabla hata ya kugusa baiskeli. Kwenye mashindano makubwa kuna wasaidizi wa kumtoa mtu majini. Huku kwetu niwaombe waandaaji nini hasa? Kiti, maji ya kusuuza mchanga, magongo, ruhusa ya mimi kuingia kumsaidia?

Na mguu wa kukimbilia unapatikana wapi kwa bei ya kibinadamu? Huu wa kutembelea umeshaanza kulegea.