Nimelipia "ombre ya Kihispania", nimeuziwa kivuli!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimekereka.

Wiki iliyopita nilinunua programu ya karata kwenye simu, shilingi elfu kumi na mbili, inajinadi kuwa na michezo ya kale "kwa kanuni halisi". Nikaenda moja kwa moja kwenye ombre. Nafungua maelezo, sentensi ya kwanza kabisa: jina limetoka kwenye neno la Kifaransa lenye maana ya kivuli, eti kwa sababu mchezaji huficha karata zake. Sasa kuna mchezo gani wa karata ambao watu hawafichi karata?

Ni *hombre*, jamani. Kihispania. Mwanamume. H yao haitamkwi, ndiyo maana Waingereza wakaiandika bila H, na kijitabu cha kanuni zake kilichapwa London tangu 1660. Wadenmaki mpaka leo wanauita l'hombre. Hata jina lenyewe linakueleza namna ya kucheza: wanakaa watatu, mmoja anasema mimi ndiye hombre, anachagua turufu, kisha anapambana peke yake na wale wawili. Ukishasema kivuli, umeua mchezo kabla hata ya kugawa.

Na kweli wameuua. Wamegawa kutoka karata 52! Ombre ni karata 40, nane na tisa na kumi zote zinatolewa. Kila mtu anapata 9, zinabaki 13 katikati za kubadilishia. Hawa wana lundo la 25 pale katikati, utadhani duka la jumla.

Lakini hayo ningeyameza. Kilichonipandisha presha ni hiki: turufu ni uru, mimi hombre, mkononi nina saba ya uru. Kwa asiyejua, kwenye kopa na uru saba ndiyo ya chini kabisa, lakini aina hiyo ikiwa turufu, saba inaruka mpaka nafasi ya pili. Inaitwa manille. (Kwenye shupaza na pau anayerukishwa ni mbili.) Juu yake ipo moja tu, ree ya shupaza, nayo ni turufu siku zote, iwe imechaguliwa aina gani. Ya tatu ni ree ya pau, nayo vilevile. Basi naitupa saba yangu kwa madaha, kompyuta inatoa mfalme wa uru, INANILA. Mfalme! Nikatazama simu kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

Mwisho nikapata mikono minne, mpinzani mmoja minne, mwingine mmoja. Programu ikanirushia maua, "umeshinda". Sijashinda! Hombre lazima azidi kila mmoja wao. Nne kwa nne nimeanguka, natakiwa kulipa. Na angenizidi, hiyo ni codille, dau lote linakuwa lake.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi hatukuwa na sababu ya kudanganywa. Shupaza ni espadas, kopa ni copas, uru ni ouros, turufu ni trunfo. Mreno alituachia maneno hayo pwani, na Mhispania ni jirani yake wa mlango kwa mlango. Mzee yeyote wa barazani anayesema "pau" ana nusu ya kamusi ya mchezo huu mdomoni. Halafu anakuja mtu na kivuli chake.

Nimewaandikia mara mbili nikidai pesa yangu. Jibu, mara zote mbili, herufi kwa herufi: "Asante kwa kucheza nasi! Jaribu ngazi ya pili."

Nimejaribu. Ngazi ya pili wameongeza jokeri.