Mdogo wangu anaonyesha picha za dhahania Makerere. Nikifika niangalie nini, nimwambie nini?

Mkagera:
Wakuu, habari zenu, na shikamoo kwa wakubwa. Mdogo wangu wa kike yuko mwaka wa mwisho Makerere, anasoma sanaa. Jumamosi ijayo wanafungua maonyesho chuoni, naye ana picha sita. Nitapanda basi Bukoba, nipitie Mutukula, jioni niwe Kampala. Nauli ninayo. Kinachoninyima usingizi ni picha zenyewe. Alinitumia moja kwenye simu: kahawia tupu, mistari miwili myeusi, doa jekundu pembeni. Nikamuuliza, "Hii ni nini?" Akajibu, "Si kitu kaka, ni picha." Tangu hapo kimya siku mbili. Mimi ndiye ninayemlipia ada tangu baba afariki, sitaki adhani najutia hela yangu. Ila kumdanganya kwamba nimeelewa pia siwezi. Nifanyeje?

Fundi Rangi:
Pole mkuu. Swali hilo linawaumiza wachoraji wa aina hii kwa sababu linatafuta ng'ombe au mlima ambao haumo. Humo mna rangi, mistari na nafasi zilivyopangwa, basi. Ngoma ikilia bila mwimbaji huulizi inasema nini ndipo ucheze.

Ukifika, zunguka ukumbi mzima mara moja bila kusoma vibandiko. Kisha irudie picha iliyokuvuta, kaa nayo hata dakika tano. Isogelee, uone rangi imepakwa kwa brashi, kisu au kitambaa, wapi nzito, wapi imekwanguliwa. Mark Rothko, mchoraji wa Marekani, alitaka watu wasimame kama sentimita 45 tu kutoka kwenye turubai zake ili rangi iwafunike. Halafu rudi nyuma, utazame upya.

Kijana wa Mjini:
Kwa kweli mimi naona ni uvivu. Hata mwanangu wa chekechea anachora hivyo.

Fundi Rangi:
Ndugu, tafuta miti ya Piet Mondrian wa Uholanzi aliyoichora kati ya 1908 na 1912. Wa kwanza ni mti mwekundu, matawi yote unayaona. Wa 1912, mtofaa uliochanua, umebaki mistari iliyopinda tu. Mkono ni uleule uliokuwa ukichora mti kamili. Alikuwa anapunguza, na kupunguza ni kazi ngumu.

Mama Ukili:
Mwanangu, mimi nasuka mikeka. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza mkeka huu ni picha ya nini. Anageuza, anaangalia ukili umekazwa vipi, rangi inajirudia wapi na inakatika wapi. Kaangalie hivyohivyo. Na mbele ya wenzake usimkosoe.

Mtu wa Kusini:
Nakazia kwa Mama. Wamakonde tuna vinyago vya mawingu: mpingo umejikunja kama moshi, huoni uso wala mguu. Nimekua navyo nyumbani na sikuwahi kuona ni vitu vya ajabu.

Nshomile:
Kaka Mkagera, una hakika kahawia hiyo ni rangi? Uganda wachoraji wengi hutumia lubugo, gome la mti wa mutuba lililopondwa kwa nyundo za mti mpaka likatanuka kama kitambaa. UNESCO iliutambua ufundi huo wa Waganda mwaka 2005, na bibi zetu Wahaya nao walivaa magome. Badala ya "ni nini", muulize "umeichora juu ya nini?"

Mkagera:
Wakuu, nimerudi jana. Nshomile, Mungu akubariki. Ni lubugo kweli. Nilisogea mpaka pua ikakaribia kugusa, nikaona ile mistari miwili si rangi hata kidogo. Ni mishono. Gome lilichanika lilipokuwa likipondwa, akalishona kwa uzi mweusi, mshono mmoja umebana, mwingine ameuachia wazi kidogo. Nikamuuliza kwa nini huu umeuacha. Basi akaanza kuongea, na tangu msiba wa baba sijamsikia akiongea vile.

Doa jekundu nilimwambia wazi kwamba sijalielewa. Akasema hata yeye alilifuta na kulipaka upya mara nne. Tukabaki tunalitazama wote wawili mpaka mlinzi akaja kufunga madirisha.