Rockaway ikifika Septemba: waokoaji waondoke au wabaki hadi Oktoba?

Abiria wa Treni A
Wana New York na Jersey, habari zenu. Nataka hili tulizungumze mapema. Pale Rockaway, ufukwe wetu wa bahari hapa New York, jiji huweka waokoaji kuanzia wikiendi ya mwisho ya Mei, saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Septemba ikishaanza wanaondoka, na kuogelea kunapigwa marufuku hadi mwaka ujao. Mwisho wa Mei maji ni kama nyuzi 15, hakuna anayekaa ndani. Septemba yanafika 22, na ndio mwezi wa kilele cha vimbunga vya Atlantiki. Kimbunga kinapita mbali huko, hapa jua linawaka, lakini mawimbi yake yanafika. Agosti 2025 kimbunga Erin hakikugusa kabisa nchi kavu ya Marekani, na bado jiji lilifunga kuogelea tarehe 20 na 21. Wakati huo msimu ulikuwa wazi. Kingekuja wiki nne baadaye, nani angekuwa pale? Nasema wabaki hadi katikati ya Oktoba. Watu wetu, hasa waliotoka bara ambao bahari hawaijui, huja na watoto Jumapili za Septemba wakiona kumetulia.

Mtoto wa Kakamega
Hoja yako nimeielewa, lakini hapo kwa "bara ambao bahari hawaijui" ungetuheshimu. Mtu akizama Rockaway mnamuuliza kwao ni wapi?

Kusi Lavuma
Kakamega, usikasirike, amesema kweli. Sisi wa Likoni tumekua na maji. Mtoto wa miaka sita anajua yanapokupwa na yanapojaa. Mtu aliyeiona bahari mara ya kwanza akiwa na miaka thelathini atajuaje?

Mama Nuru, Bronx
Jiji lilifanya nini hata baada ya kile kimbunga Sandy 2011? Walijenga njia ya watalii kutembea ufukweni wakasema wamemaliza.

Ubao Mrefu
Mama Nuru, shikamoo. Sandy ilikuwa 29 Oktoba 2012. Ya 2011 ni Irene.

Kusi, nakuheshimu, ila mimi nateleza mawimbi Rockaway mwaka mzima na ninakuambia elimu ya Likoni haikusaidii hapa. Kwetu, kuanzia Dar hadi Mombasa, sehemu kubwa ina mwamba mbele. Wimbi linavunjikia kule nje, ufukweni yanafika maji yaliyochoka. Rockaway haina mwamba. Wimbi linavunjikia juu ya mafungu ya mchanga, na mafungu yanahama kila baada ya dhoruba. Mahali uliposimama Julai, Oktoba ni shimo.

Mawimbi ya kimbunga ni ya namna yake. Kati ya wimbi na wimbi sekunde 12, hata 14, na yanakuja kwa makundi. Kundi likipita bahari inalala dakika kadhaa, mtu anaona kumetulia anaingia, kundi linalofuata linamkuta kiunoni. Maji yote yaliyorushwa juu ya fungu lazima yarudi, nayo yanapita kwenye pengo kati ya mafungu, au kando ya zile kuta za mawe. Kwenye pengo wimbi halivunjiki, kwa hiyo panaonekana salama kuliko pengine pote. Ndipo familia zinapopachagua. Mkondo ukikushika usipigane nao kurudi moja kwa moja. Elea, inua mkono, ukiweza ogelea kufuata ufukwe hadi ukuachie.

Kusi Lavuma
"Maji yaliyochoka." Nenda Malindi mwezi wa saba kusi ikivuma, ghuba ile haina mwamba mbele yake, ndipo urudi kuniambia habari ya maji yaliyochoka. Watu wa Dar mnaijua Coco Beach tu.

Mtoto wa Kakamega
Sasa hata watu wa pwani hawakubaliani nani anaijua bahari, na wa kulaumiwa ni bara.

Mhaya wa Hoboken
Na sisi wa ziwani tuko kundi gani? Mimi wa Bukoba. Victoria ikichafuka inapindua mitumbwi na wavuvi wake ndani. Msituweke na wasiojua maji.

Abiria wa Treni A
Jamani, swali lilikuwa waokoaji. Jiji liwaache hadi Oktoba, ndiyo au hapana?

Mlipa Kodi
Hapana. Waokoaji wengi ni wanafunzi, Septemba wanarudi shule. Hata kiangazi jiji linahangaika kuwapata, na wanalipwa zaidi ya dola 20 kwa saa. Utamtoa nani darasani? Na mbona hawa wenye mbao za kuteleza mawimbi wanaruhusiwa mwaka mzima bila mlinzi, wakati mtu wa kawaida akilowesha magoti anapigiwa kelele? Hiyo ni bahari ya matajiri.

Ubao Mrefu
Matajiri? Ubao wangu niliununua mkononi kwa mtu, nao hupanda treni pamoja na wewe. Tuna sehemu zetu maalumu, ile ya mtaa wa 90 na ya 67, na ubao wenyewe unaelea. Septemba hiyo mnayoigombania, upepo wa kaskazini unatoka nchi kavu na wimbi linasimama vizuri, kwa hiyo tupo majini tangu alfajiri. Waokoaji wakishaondoka, anayemfikia kwanza mtu anayevutwa nje ni sisi. Nimewashika watu wakubwa wakanipanda mabegani kwa hofu. Januari maji ni nyuzi 4 au 5, hakuna mwogeleaji, tunabaki peke yetu na suti za mpira, wala hatudai mlinzi. Usiniite tajiri.

Mlipa Kodi
Hujajibu kuhusu wanafunzi.

Ubao Mrefu
Wewe hujajibu kuhusu watu wanaozama.

Mama Nuru, Bronx
2011 au 2012, maji yaliingia ndani ya nyumba za watu. Wanangu, mnagombana kuhusu ubao na Malindi. Watoto wetu hapa hawajui kuogelea, awe wa Mombasa awe wa Kakamega. Mzazi wa Likoni aliyejifunza baharini amezaa mtoto wa ghorofa ya sita. Nani anajua mafunzo ya bure ya jiji yanaandikishwa wapi?

Mhaya wa Hoboken
Mama, angalia kwenye tovuti ya idara ya bustani ya jiji, upande wa mabwawa. Nafasi zinajaa haraka.

Kusi Lavuma
Bwawa si bahari.

Mtoto wa Kakamega
Umeanza tena.